Kuacha sigara ni vita vya mwili au vya akili? Jibu la mvutaji wa zamani kutoka Wete

Assalaam alaykum, ndugu muulizaji. Umeuliza kama kuacha sigara ni mapambano ya mwili au ya akili, ukaeleza kwamba ami yako anasisitiza kuwa ni nia tu, ilhali wewe kila ukijaribu, siku ya pili inakukuta mwili hautulii na umeshagombana na kila mtu nyumbani. Mimi nilivuta tangu ujana wangu hapa Wete, Pemba, hadi ndevu zilipoingia mvi, na ni miaka sasa sijaishika sigara, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia na kwa niliyoyasoma nilipotaka kuelewa kilichokuwa kikinisibu. Kwa maoni yangu mwili ndio unaotangulia kukusumbua na ndio unaotangulia kukuacha, na kinachobaki nyuma yake si upungufu wa nia, bali ni mazoea yaliyoshikana na mahali fulani na saa fulani za siku.

Kuhusu mwili siku hizi hakuna ubishi mkubwa. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ubongo wa mvutaji wa siku nyingi huzidisha vipokezi vya kuipokea. Nikotini inapokatika, vipokezi hivyo hubaki vitupu na mtu huingia arosto, yaani mateso ya mwili kudai ulichokizoea. Hata wataalamu walichelewa kulikubali hili. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 1964, ile iliyotangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, iliuita uvutaji mazoea na haikuuhesabu kuwa ni uraibu. Hadi mwaka 1988 ndipo ripoti nyengine ya ofisi hiyohiyo, chini ya C. Everett Koop, ilipotamka wazi kwamba nikotini huleta uraibu kama heroini na kokeni. Ami yako basi ana wenzake wakubwa, ila wenzake hao walishabadilisha kauli.

Mateso ya mwili yana muda wake. Huwa makali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, na kwa watu wengi hupoa ndani ya wiki 2 hadi 4. Yaliyonipata mimi ni hasira isiyo na sababu, kukosa usingizi, vidonda vya mdomo, kikohozi kilichozidi kabla ya kupungua, na jambo ambalo watu huona haya kulisema, kufunga choo, kwa sababu tumbo langu lilikuwa limezoea kuamshwa na sigara ya asubuhi. Mapapai yalinisaidia. Lakini kwa watu wa baraza kama sisi, la kuangaliwa zaidi ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini kwa kasi, na ndiyo maana mvutaji huweza kushusha vikombe kadhaa vya kahawa chungu usiku na bado akalala. Akiacha sigara huku vikombe ni vilevile, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na ule moyo kwenda mbio na kukesha hadi alfajiri anausingizia ukosefu wa sigara. Nilipopunguza vikombe vya baada ya Isha, usingizi ulirudi upesi, nami nashangaa kwamba katika nasaha zote nilizopewa hakuna aliyenitajia hili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Mpemba yeyote anayevuta analijua bila kusoma. Mwezi wa Ramadhani tunafunga tangu alfajiri hadi Magharibi, zaidi ya saa 13. Nikotini iliyomo damuni hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, maana yake ikifika Alasiri iliyobaki haifiki hata asilimia 5 ya ile ya wakati wa daku. Ingekuwa ni mwili peke yake, hamu ingepanda saa hadi saa na mchana wote ungekuwa adhabu. Haiwi hivyo. Ukiziondoa siku za mwanzo zenye kichwa kuuma, ambapo kahawa nayo ina mkono wake, mtu hukaa dukani au shambani mchana kutwa na sigara haimjii, kwa kuwa nafsi imeshajua kwamba njia imefungwa. Ikibaki robo saa kabla ya adhana mambo hugeuka: jicho liko kwenye saa, mkono unapapasa mfuko wa kanzu, na nimewaona watu, nami nikiwa miongoni mwao, wakifungua kwa tende moja na funda la maji, kisha wakatoka uani na kibiriti kabla hata uji haujapoa. Mtafiti Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alilikuta jambo hilohilo kwa wahudumu wa ndege wanaovuta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Katika safari fupi na katika safari ndefu, hamu ilipanda zaidi ndege ilipokaribia kutua, na saa walizokaa bila kuvuta hazikuwa na uzito mkubwa.

Hapo wenye kauli ya nia tu hushangilia mapema. Anayefunga mchana na kuvuta usiku hajauachisha mwili chochote. Vipokezi vinalishwa kila usiku, na sigara ya kufuturia, inayoingia wakati mwili umekauka, ndiyo inayopiga kuliko zote. Kwa hiyo hushangai kumuona mtu aliyeshinda mwezi mzima bila moshi wa mchana akivuta asubuhi ya Idi kama kawaida. Ramadhani humuonesha mvutaji kwamba hamu hufuata matarajio, lakini haimmalizii ile kazi ya wiki mbili tatu ambayo mwili unaidai.

Upande wa pili niliufahamu katika msimu wa karafuu. Mwili wangu ulikuwa umeshatulia kwa miezi kadhaa, nalala, nala, kikohozi kimekwisha. Usiku mmoja tumekaa kwenye jamvi tunachambua, karafuu huku na makonyo (vikonyo vyake) kule, taa katikati, na harufu ilipopanda nikashikwa na hamu ya sigara ya nguvu, yenye ladha mdomoni kabisa. Damuni hamna nikotini hata chembe, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikivuta katika kazi ile ili usingizi usinichukue, na ubongo ulikuwa umeshaviunganisha. Niliokota karafuu kavu nikaitafuna polepole. Ina mafuta ya yujenoli yanayotia ganzi ulimi, na kwa muda ule mdomo haukutaka kitu chengine chochote. (Si ajabu ndogo, kwa sababu miaka mingi karafuu zetu zilinunuliwa na Indonesia ili zichanganywe na tumbaku katika sigara zao za kretek.) Hamu ya namna hii haidumu zaidi ya dakika chache ikiwa hukuijibu, na kila inapokuja ikaondoka mikono mitupu, inayofuata huja na nguvu pungufu. Msimu uliofuata ilikuja, nikaitambua, nikaendelea kuchambua.

Je, hiyo ndiyo akili? Sioni kama neno hilo linatosha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa na wenzao walichapisha habari za wavutaji waliopata majeraha ya ubongo, wengi wao kwa kiharusi. Baadhi ya wale walioumia sehemu iitwayo insula waliacha sigara mara moja, bila taabu na bila hamu kurudi, na mmoja wao alieleza kuwa mwili wake uliisahau hamu hiyo. Kama mazoea yana makao katika nyama ya ubongo kiasi hicho, sielewi kwa nini mtu aambiwe aone aibu kwa kuwa nayo. Hapa Zanzibar tumekubali kwamba mraibu wa unga anahitaji tiba, ndiyo maana ipo kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu, lakini mvutaji wa sigara bado tunamwambia ajikaze kiume.

Kwa upande wako, jiulize sigara ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka. Swali hilo limo katika dodoso la kupima utegemezi wa nikotini la Karl Fagerström wa Uswidi, na anayeivuta ndani ya dakika 5 huhesabiwa kuwa mwili wake umefungwa sana. Ikiwa ni wewe, usiende vitani na nia peke yake. Muulize dakta kuhusu vibandiko au ubani wa kutafuna wenye nikotini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009 na ambavyo huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa nusu hivi. Mimi katika duka la dawa nililouliza sikuvipata, lakini anayekwenda Unguja au Dar es Salaam anaweza kukutafutia. Usihamie kwenye ugoro wala tambuu ya tumbaku kwa kudhani umeacha, maana nikotini ni ileile.

Baraza nayo iache kwa wiki za mwanzo, au kaa upande wa wasiovuta na ushike tasbihi ili mkono uwe na kazi. Ikiwa unaingojea Ramadhani, anza na sigara ya kufuturia: futuru hadi ushibe, sali, nenda tarawehe moja kwa moja bila kupitia uani. Hiyo ikikatika, zile za usiku hupungua nguvu, na Idi itakukuta umeshazipita siku mbaya za mwili.