Genge la barafu au maporomoko ya barafu?

Swali: Natafsiri makala kuhusu milima ya Antaktika. Kuna mahali barafu ya uwanda wa juu inakatika ghafla na kushuka wima, ukingo wenyewe ukienda kilomita nyingi. Niliandika "maporomoko ya barafu", mhariri akakataa. Niandike nini? (Mtafsiri, Morogoro)

Jibu: Mhariri yuko sahihi. Poromoko lina mwendo ndani yake: kitu kinaporomoka. Wewe unaeleza kitu kilichosimama.

Neno letu lipo, nalo ni genge: mahali mlima au korongo limekatika wima. Najua kinachokutia wasiwasi. Dar es Salaam gengeni ndiko tunakonunua nyanya na vitunguu, na magazetini genge ni la wahalifu. Hata hivyo nakusihi usilitupe, maana vitenzi vikikaa sawa utata unakwisha. Soma hii kwa sauti: "Mbele yao lilisimama genge la barafu, limekatika wima, halina pa kukanyaga." Hakuna atakayefikiria nyanya.

"Ukuta wa barafu" nao unafaa, ila kwa uso mfupi uliosimama wima, kama kingo za barafu kule kileleni Kibo. Jabali liache, jabali ni jiwe.

"Maporomoko ya barafu" yatunze, utayahitaji. Nyuma ya milima ya Transantarctic barafu ya bara imerundikana hadi kama mita 3,000 juu ya bahari, nayo hupenya kati ya vilele na kushuka polepole mno. Ikifika penye mteremko mkali hupasukapasuka, vipande vikasimama vikubwa kama nyumba. Novemba 1911 Roald Amundsen, mvumbuzi kutoka Norwe, na wenzake wanne walipandia huko na mbwa wao, kwenye mto wa barafu wa Axel Heiberg, wakizunguka mipasuko hiyo, hata wakafika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba. Hapo neno lako la kwanza linakaa barabara, kwa kuwa barafu hiyo kweli inashuka.

Usiandike "genge la theluji". Theluji ni ile laini inayodondoka. Barafu ni ngumu. Ajabu ni kwamba barafu tumelipata kutoka Kiajemi, na huko barf ndiyo theluji yenyewe. Maana ilihama njiani.

Angalia pia upatanisho. Wengi huandika "genge la barafu imekatika" kwa sababu barafu ndiyo iliyo karibu na kitenzi. Kilichokatika ni genge: limekatika, na yakiwa mengi, yamekatika.