Maabara inasema hasi, kuku bado wanakufa

SWALI: Kuku wetu walianza kufa ghafla, wengine wakiharisha kijani na kupinda shingo. Nilimpangusa kooni mmoja aliyekuwa amekufa tangu jana yake kwa kijiti cha kusafishia masikio, nikakiweka kwenye friza. Kilifika maabara siku ya nne. Majibu: hakuna kirusi cha kideri wala cha mafua ya ndege. Niyaamini?

JIBU: Bado. Kipimo cha PCR hutafuta chembe za urithi za kirusi, na hizo huharibika mzoga ukikaa kwenye joto. Tena pamba na mti wa kijiti kile huweza kuzuia kipimo chenyewe. Hasi yako inaeleza zaidi habari za sampuli kuliko za kuku.

Kwanza mwite daktari wa mifugo; dalili hizo ni za kutolewa taarifa, na usipasue mzoga. Sampuli zichukuliwe kwa kuku walioanza kuugua leo au jana, mkiwa na glavu, barakoa na miwani. Swabu, yaani kijiti cha kuchukulia sampuli, iwe ya poliesta yenye mpini wa plastiki. Moja izungushwe nyuma ya ulimi mpaka ilowe, ya pili iingie kwenye tundu la haja. Hii ya pili ikunguteni, maana kinyesi kikizidi nacho huzuia PCR. Vunjeni mpini ndani ya kichupa chenye maji maalumu ya kusafirishia virusi. Maabara nyingi hupokea hadi swabu 5 katika kichupa kimoja, ila za koo zisichanganywe na za haja, wala za kuku na za bata. Zikae nyuzi 2 hadi 8, yaani friji au kasha la barafu, zifike ndani ya saa 48. Zikichelewa zinahitaji nyuzi −80, ambazo friza ya nyumbani haifikishi.

Andikeni pia tarehe ya chanjo. Wengi huliruka hilo, kisha huuliza kama huyu:

SWALI: Nilichanja kideri wiki iliyopita, sasa PCR imetoa chanya. Chanjo imeleta ugonjwa?

JIBU: Huenda kilichoonekana ni kirusi cha chanjo hai chenyewe, yaani chanjo yenye kirusi kilicho hai lakini kilicho dhaifu. Omba maabara isome jeni ya F, sehemu ya urithi wa kirusi, mahali protini yake inapokatwa. Hapo ndipo kirusi kikali hutofautiana na cha chanjo. Kupima kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, hakutakusaidia, kwa kuwa kuku aliyechanjwa anazo.

SWALI: Bata wa mwitu 5 bwawani wamepimwa mafua ya ndege, wote hasi. Bwawa ni salama?

JIBU: Watano ni wachache mno. Bata wa mwitu anaweza kutoa kirusi cha mafua huku akiogelea mzima kabisa. Ikiwa 5% ya kundi kubwa wameambukizwa, unahitaji kupima ndege 59 ili uwe na uhakika wa 95% wa kumpata walau mmoja, na hapo tumechukulia kipimo hakikosei. Kama hawakamatiki, okota kinyesi kibichi, bado kina majimaji, mara tu kundi linaporuka.