Kabla hujagusa tairodi ya gari iliyoshushwa

Kijana unayeingia kwenye kazi hii, siku si nyingi utaletewa Subaru Impreza iliyokaa chini hadi kiganja hakipiti kati ya tairi na fenda. Mwenyewe atakuambia, "Fundi, inakula matairi upande wa ndani, nifanyie alaimenti." Alaimenti ni kupanga pembe za magurudumu, kwa hiyo mkono wako utakimbilia spana ya tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu. Uzuie kwanza. Gari nyingi za namna hii zilizorudi kwangu na malalamiko, tatizo lake halikuanzia kwenye tairodi. Lilianzia kwenye urefu ambao hakuna aliyeupima.

Chukua futi. Jaza upepo sawa matairi yote, gari iwe mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Usipime kutoka sakafuni, maana tairi lililolika litakudanganya. Kushoto na kulia zikipishana zaidi ya milimita 5, mimi siendelei. Kama ni koilova, yaani shokapu zenye springi unayoweza kurekebisha urefu wake, zungusha hadi zilingane. Kama ni springi zilizokatwa kwa grainda, inua gari kwa jeki uzishike kwa mkono. Springi inayochezacheza kitini mwake gurudumu likining'inia, gari ikishushwa haitakaa pale ilipokuwa, na ikiruka kwenye tuta inaweza kuhama kabisa. Gari ya hivyo namwambia mwenyewe ukweli na kumrudishia ufunguo. Pesa ya alaimenti moja hailingani na mtu kupoteza stelingi akiwa mwendo wa 100.

Sasa bushi, na hapa nakuomba utulie nami, kwa sababu ndipo mafundi wengi wazuri wanapopitiwa. Bushi nyingi za mikono ya chini, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwa chini, ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Ukikaza bolti yake, chuma cha ndani hakizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, unaojikunja ni mpira. Kwa hiyo mahali ulipokazia bolti ndipo mpira unapopumzika. Gari ikishushwa sentimita 4 bila kulegeza bolti hizo, mpira unabaki umejikunja hata gari ikiwa imeegeshwa, usiku na mchana. Utapasuka mapema, na kabla ya hapo utakuwa unausukuma mwili wa gari juu, kwa hiyo urefu uliopima leo si urefu wa mwezi ujao. Legeza bolti za mikono, gari isimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, itikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia umeharibu kazi, hata kama toki renchi imelia vizuri.

Baada ya hapo kagua uchezaji wa boljointi, tairodi endi na bearing za magurudumu. Hayo unayajua.

Ukipandisha gari kwenye mashine, skrini itajaa rangi nyekundu kwenye kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele. Usishtuke. Vipimo vile ni vya gari yenye urefu wa kiwandani. Gari yenye shokapu za kusimama kama Impreza ikishuka, juu ya tairi huingia ndani, na kemba ya digrii 1.5 hasi si ajabu. Ninachotaka mimi ni pande mbili zikaribiane, zisipishane zaidi ya nusu digrii. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007, bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika mguu wa shokapu ya mbele ina duara lisilokaa katikati. Ukiizungusha, kemba inasogea. Gari yenye boriti moja inayounganisha magurudumu ya nyuma, kama Toyota IST, haina bolti ya kurekebisha nyuma. Mwambie mwenye gari kabla hujaanza, si baada ya kumdai.

Mteja atakuambia kemba ndiyo inayokula tairi. Kemba huchagua upande unaoliwa, lakini mlaji ni tou, yaani tairi kuelekea ndani au nje badala ya mbele moja kwa moja. Tairi lililolala digrii 2 bado linaelekea mbele linapobingirika. Tairi lenye tou mbaya linaelekea kwingine huku gari ikilivuta. Fanya hesabu mwenyewe: gurudumu likiwa limepinda digrii 0.2 tu, ambayo kwenye rimu ya inchi 17 ni kama milimita 1.5, kila kilomita moja linaburuzwa pembeni mita 3.5. Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Tairi hilo limeburuzwa zaidi ya mita 600 kabla abiria hajashuka kunywa chai. Na gari ikishushwa, tou haibaki ilipokuwa, kwa sababu tairodi na mkono wa chini havichori mstari mmoja vinapopanda.

Angalia pia namna mashine inavyoandika. 0°30′ ni dakika 30, na digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo hiyo ni nusu digrii. Nilipokuwa najifunza niliisoma kama 0.30 kwenye jumla ya tou ya mbele, nikaona ni ndogo, nikaiacha. Mwenye gari alirudi baada ya miezi michache, waya umetokeza ukingo wa ndani, na alikuwa anapeleka watoto shule kwa matairi hayo. Sijalisahau lile tairi.

Mpangilio wa kazi: nyuma kwanza, maana tou ya nyuma ndiyo inayoamua gari inaelekea wapi. Kisha mbele: kasta (mlalo wa mhimili wa stelingi ukiutazama kwa ubavuni), kemba, na tou mwisho, kwa kuwa ukigusa kemba tou nayo inahama. Washa injini ukiweka stelingi katikati, kisha ifunge isicheze. Gari ikiinuliwa kidogo na kushushwa, itikise tena kabla ya kusoma namba. Bampa likigusa rampu wakati wa kupanda, weka mbao, usilazimishe.

Ukimaliza, andika ule urefu wa pande nne kwenye karatasi ileile ya vipimo umpe mteja, na umwombe arudi baada ya wiki mbili springi zikishazoea. Akirudi, anza tena na futi. Ukikuta kona moja imeshuka milimita 8, tayari unajua pa kutazama kabla mashine haijawashwa.