Mtungi Wako wa Kuzamia: Fundi Anajibu

Shikamoo fundi. Nimemaliza kozi ya uzamiaji na nataka kuanza kununua vifaa vyangu. Nianze na mtungi?

Marahaba. Hapana, mtungi uje mwisho. Tanguliza miwani isiyovuja usoni mwako, kisha regulata (kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa ya mtungi) na jaketi la kuelea, maana hivyo ndivyo vinavyohitaji kukuzoea. Mtungi hukodishwa karibu kila kituo cha kuzamia, tena ukiwa umeshajazwa. Ukisafiri kwa ndege, wako utabaki nyumbani, kwa kuwa mashirika mengi hudai uwe mtupu na vali imetolewa. Anayefaidi mtungi wake mwenyewe ni yule anayezamia mara kwa mara karibu na kwake, akiingia majini kutoka ufukweni bila kungoja boti ya mtu. Hata huyo, kabla ya kulipa, aulize atajazia wapi na kompresa ya hapo, mashine ya kusindilia hewa, inatunzwaje.

Alumini au chuma? Muuzaji ananiambia alumini ni nyepesi.

Muuzaji amekupimia dukani, wewe utautumia majini. Kweli alumini ni nyepesi, lakini ni dhaifu kuliko chuma, kwa hiyo ukuta wa mtungi hufanywa mnene. Ule unaojulikana zaidi, wa futi za ujazo 80, una kilo 14 hivi ukiwa mtupu, vali haijafungwa.

Kinachosahauliwa ni kwamba hewa nayo ina uzito. Mtungi huo ukijazwa hadi bar 207 (bar ni kipimo cha presha) unabeba hewa ya karibu kilo 2.7. Ukishaivuta, mtungi uliokuwa ukizama mwanzoni unataka kuelea, na unakuvuta juu kwa nguvu ya karibu kilo 2. Hilo linakukuta mwishoni, kwenye mita 5, pale unapopaswa kutulia dakika chache naitrojeni itoke mwilini. Ndiyo maana mwenye alumini hufunga risasi ya ziada (vipande vya madini mazito vya kumzamisha) kiunoni tangu mwanzo wa mbizi, kwa ajili ya dakika hizo tu.

Chuma nacho hupungua uzito hewa ikitumika, ila mitungi mingi ya chuma hubaki ikizama kidogo hata ikikaribia kuisha, na hivyo mkanda wa risasi unakuwa mwepesi. Kwa maji baridi na suti nene, mimi nachukua chuma bila kusita. Kwa maji ya joto na suti nyembamba, mtungi mzito wa chuma unaweza kukuzamisha kupita kiasi, na mtungi hauangushwi kama mkanda. Hapo alumini inatosha, tena haipati kutu.

Mimi humaliza hewa kabla ya wenzangu wote. Nikinunua wa lita 15 badala ya 12 nitapona?

Tupige hesabu. Tuseme unavuta lita 20 kwa dakika ukiwa juu. Kwenye mita 20 presha ni mara tatu, kwa hiyo unakula lita 60 kila dakika. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una hewa ya lita 2,400, yaani 12 mara 200; ukiacha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800, yaani dakika 30. Wa lita 15 kwa hesabu hiyohiyo unakupa dakika 37 na nusu. Umepata dakika saba na nusu, na mgongo wako ndio utakaozilipia kila unapoubeba kwenda na kurudi majini. Kagua kwanza risasi zako. Wengi wanaomaliza hewa mapema wamefunga nyingi mno, kisha wanapiga miguu muda wote ili wasizame.

Nimepata mtungi wa alumini wa mwaka 1986, bei ya kutupa. Nichukue?

Uache. Alumini nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo imeonekana kupasuka taratibu kwenye hesi za shingo kwa kukaa na presha muda mrefu. Luxfer, kampuni ya kutengeneza mitungi, iliiacha nchini Marekani mwaka 1988 na kuhamia aloi ya 6061. Vituo vingi vya kujazia havitaki hata kuugusa mtungi wa umri huo, nami siwalaumu: anayesimama kando yake presha ikipanda ni wao. Na mtungi wowote wa alumini uliopakwa rangi upya, uliza rangi ilikaushwaje. Ukipashwa moto kupita nyuzi 176 za Selsiasi, kwa kanuni za Marekani huo haujazwi tena.

Mume wangu anauita “mtungi wa oksijeni”. Yuko sawa?

Mwambie shemeji ni hewa hii hii tunayovuta, asilimia 21 tu ndiyo oksijeni, imechujwa na kusindiliwa. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi inaweza kumtia mtu degedege.

Sijazamia mwaka mzima. Mtungi wangu wa chuma bado una nusu ya hewa. Niutumie tu?

Usiutumie. Unyevu ukiwemo ndani, chuma kinashika kutu, na kutu inakula oksijeni iliyomo. Geji itaonyesha presha nzuri huku hewa yenyewe haimtoshi mtu. Itoe polepole, fundi afungue vali akague ndani, kisha ujaze upya. Angalia pia tarehe iliyogongwa begani mwa mtungi: Marekani hudai kipimo cha presha ya maji kila miaka 5, na ukaguzi wa ndani ni desturi ya kila mwaka, Uingereza hukagua ndani kila miaka 2 na nusu. Ukiuweka tena, bakiza bar 20 hivi ili unyevu usiingie, usimamishe na kuufunga usianguke, na ukivue kiatu chake cha mpira. Chumvi hujificha humo.