Madogo wa chesi, mfalme mnamvua nguo wenyewe

Nimekaa pembeni naangalia madogo wanacheza raundi baada ya raundi, na kila mmoja akitishiwa kidogo tu mkono unakimbilia askari wa mbele ya mfalme. Mara h6, mara g5 (herufi na namba ni jina la chumba ubaoni), halafu ukipigwa meti, mfalme hana pa kukimbilia, unasema jamaa kashambulia kama Tal, yule bingwa wa dunia aliyesifika kwa kushambulia. Tal gani, mlango umemfungulia mwenyewe. Haya, sogeeni.

1. Kabla hujagusa kete jiulize, ningempa huyu zamu mbili mfululizo angefanya nini? Ukilijua jibu, lizuie.

2. Ukishambuliwa badilisha kete, ukianza na malkia. Anayeshambulia anahitaji watu, wewe huwahitaji.

3. Kete uliyoipata bure usiishike kama mali ya urithi. Hapa naongea kwa uchungu. Nilikuwa na nyeusi, nimeshakasteli fupi (mfalme g8, ngome f8), jamaa kaleta askofu g5 kampini farasi wangu wa f6 (akisogea, malkia wangu nyuma yake analiwa), mimi chap h6, nimfukuze. Hakuondoka. Akacheza h4. Nikacheka kabisa, nikajua huyu kasahau askofu wake, nikamla, akala na askari wa h, sasa ngome yake ya h1 inaangalia mpaka h8 na farasi wangu anatishiwa. Nina askofu mzima zaidi! Hapo ningetulia nikacheza g6 (ndiyo, najua nimewakataza, lakini hii inamfungia malkia wake h5), akila farasi namla na malkia wangu pale f6, hesabu inarudi sawa, mfalme anaenda g7, ngome h8, tunaendelea na maisha. Tamaa ikakataa. Nikamkimbiza farasi d7 ili nibaki na faida yangu, malkia wake akatua h5, nikasukuma f6 nimtafutie mfalme pa kutokea, jamaa bila haraka g6, f7 ikazibwa. Nikasogeza ngome e8 nikidhani f8 imefunguka, akaweka malkia h8, meti, maana f8 yenyewe malkia anaiona moja kwa moja. Nimekufa na askofu wa ziada, na vijana wawili nyuma yangu walishaiona mapema wakawa wanabana kicheko. Kibaya zaidi mtego wenyewe ni wa zamani, uko kila mahali, na nilikuwa nimeshawahi kuufundisha watu.

4. Akija ubavuni, piga katikati. Kama katikati imefungwa, ndio uanze kuogopa.

5. Ngome kwa ngome, yeye ana askari mmoja zaidi na mfalme wako yuko mbele ya huyo askari: weka ngome yako mstari wa tatu kuanzia kwako umzuie mfalme wake, tulia hapo. Askari akikanyaga huo mstari tu, ipeleke ngome yako mbali kabisa nyuma yao uanze cheki, kumtishia mfalme wake mfululizo. Ile ya Philidor, Mfaransa wa zamani wa chesi. Mnaijua kwa jina, kwenye saa mnaisahau.

6. Kuzidiwa sio kupoteza. Karjakin mwaka 2016 pale New York, wakigombea ubingwa wa dunia, alibanwa na bingwa Carlsen gemu ya tatu na ya nne, hii ya nne ikaenda muvu 94, zote droo. Hakuwa na maajabu, alikataa tu kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Nyie injini (programu ya kompyuta ya chesi) ikionyesha mwenzio yuko +2 nyumbani, yaani kama askari wawili mbele, mnakata tamaa mpaka kwenye ubao ambao hauna injini.

Na huyu dogo wa mwisho, sijui nimfanyeje. Kasalimu amri wakati mpinzani kabaki na askofu wa vyumba vyeupe na askari wa h, mfalme wa dogo mwenyewe kakaa h8 kona nyeusi kabisa, askofu hawezi kumtoa pale hata wakicheza mpaka kesho. Ni droo ya kitabuni! Kasimama kampa mkono, na mimi siruhusiwi kufungua mdomo.