Nimefundisha Python kwa wauza dagaa, nikajifunza kuweka mikono mgongoni

Mwaka wa tatu huu nafundisha koding, yani kuandika programu za kompyuta, kila Jumamosi kwenye kaukumbi kamoja hapa Kirumba, Mwanza, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, yani upepo ukigeuka tu harufu ya dagaa inaingia darasani bila hodi. Ada hakuna. Tuna laptopu 6 za mitumba na ekstensheni moja ambayo ukiikanyaga vibaya mnazima wote kwa pamoja. Wanafunzi kuna vijana waliomaliza form four wako tu mtaani, kuna fundi simu, kuna bodaboda wawili wanakuja na helmeti zao wanaziweka juu ya meza, na kuna mama mmoja anauza dagaa kwa jumla, huyu alimleta mwanae, mtoto akaacha, mama akabaki.

Sasa kuna watu wanataka kuanzisha kitu kama hiki kwao, mmoja yuko Sengerema mwingine Ukerewe, wananiuliza nianzie wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja.

Kwanza angalieni maneno. Siku ya kwanza kabisa nilisimama mbele nikasema kwa mbwembwe "leo tutaandika kodi", mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "kodi ya nyumba au hii ya TRA?" Tukacheka, ila mzee hakurudi tena na mpaka leo nahisi alidhani tunaandikisha walipa kodi kijanja. Tangu siku hiyo nasema maelekezo. Kompyuta unaipa maelekezo, inayafuata, basi.

Afu kuna jina la lugha yenyewe tunayotumia kuipa kompyuta maelekezo, Python. Huku Usukumani chatu ni mnyama tunaemjua, ukienda Bujora unakuta mtu kajiviringishia chatu anacheza ngoma, kwahiyo wanafunzi wangu wakataka kujua huyu nyoka kaingiaje kwenye kompyuta. Kweli ni kwamba hakuingia. Guido van Rossum, Mholanzi alieitengeneza na kuitoa 1991, jina alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza alilokuwa analipenda. Dogo mmoja alisononeka kabisa.

Haya, tuje kwenye lililonifanya niandike. Mikono yako wewe mwalimu.

Miezi sita ya kwanza nilikuwa mwalimu mbaya na nilikuwa sijijui. Mtu akikwama nainama, nachukua maus, tap tap tap, nasema "umeona? umesahau mabano", naenda kwa mwingine, nikitoka pale najiona nimefundisha kweli kweli. Siku moja binti mmoja wa form four nikamwambia aandike mwenyewe kitu tulichofanya wiki tatu mfululizo, akakaa anaiangalia skrini kama dakika kumi afu akaniambia kwa upole tu, "mwalimu, mi nilijua naelewa, kumbe ulikuwa unaelewa wewe". Dah. Sikulala vizuri.

Toka hapo nina sheria, kibodi ya mwanafunzi siigusi. Ni ngumu kuliko unavyodhani maana unaliona kosa liko pale, nukta mbili tu zimekosekana mwisho wa mstari, na mtu anahangaika anatoka jasho na wewe vidole vinawasha. Mi natembea na chupa ya maji nimeishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili. Sio utani, chupa ndo inanizuia.

Na ukishaacha kugusa unagundua kitu kingine, watu hawasomi kile kompyuta inachowaambia. Maandishi mekundu yakitokea wanaogopa kama wameita polisi, wanafuta kila kitu wanaanza upya. Nikawa nauliza swali moja tu, "imekwambiaje?" Kizungu chake hakijai kiganja, nawaambia waanze na mstari wa mwisho wa ule ujumbe, hapo ndo pana neno lenyewe, huko juu ni safari tu ya kufikia hapo. Tuna karatasi ukutani tumeandika kwa marker: NameError, umetaja jina ambalo kompyuta hailijui. SyntaxError, umeandika vibaya, angalia mabano na alama za kunukuu. IndentationError, nafasi za mwanzo wa mstari hazijakaa sawa. Matatu haya yanatosha kwa miezi miwili ya kwanza, usiwajazie mengine.

NameError ndo mfalme wa darasa langu na chanzo chake kikubwa ni simu. Wengi nyumbani hawana kompyuta, kwahiyo wanaandika zoezi kwenye WhatsApp wanatumiana, na simu inajifanya inajua sana inaweka herufi kubwa mwanzoni, print, lile neno la kuonyesha kitu kwenye skrini, inakuwa Print, ukiileta kwenye Python inagoma. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuchagua, weka toleo la Python la 3.10 la mwaka 2021 au lililokuja baadae, lenyewe linakuuliza kama ulimaanisha print. Matoleo ya zamani yanakwambia tu hayalijui hilo jina, malizana nalo.

Kwa wenye simu peke yake nawawekea Pydroid 3, app ya kuandikia Python kwenye simu za Android, ikishaingia inafanya kazi bila bando, na hapo umeondoa nusu ya sababu za mtu kuacha darasa. Kwenye laptopu tunatumia Thonny, programu ya kuandikia Python, ilitokea Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, inakuja na Python yake ndani kwahiyo unaibeba kwenye flashi unazunguka nayo mashine zote sita.

Mifano. Achana na mifano ya kwenye vitabu, wanafunzi wangu hawana akaunti za benki za kukokotolea riba. Tumia kinachowalisha. Siku ya mama wa dagaa nitaisimulia yote maana ilinifundisha na mimi. Kipindi hicho bado tunatumia lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mama anataka programu imuulize mteja anachukua ndoo ngapi, imwambie anadaiwa shilingi ngapi. Bei tukaweka ya mfano, 15000. Akaandika taratibu kwa kidole kimoja:

idadi = input("Ndoo ngapi? ")
bei = 15000
print(idadi * bei)

Mimi na chupa yangu mgongoni nimeliona kosa, nimenyamaza. Akaendesha, ikamuuliza, akajibu 4, akabonyeza enta. Skrini nzima ikajaa nne. 4444444 mistari na mistari, zinapanda zinapotelea juu, fundi simu akaacha kazi yake akaja kushangaa. Mama akaniangalia, "mwalimu, hela zote hizi mi ntaziweka wapi?"

Ni kwamba unachoandika kwenye input Python inakichukua kama maandishi, hata kama ni namba, na maandishi ukiyazidisha kwa 15000 inayarudia mara 15000. Kumwambia mama habari za aina za data ningempoteza. Nikamuuliza, ile namba iliyopakwa ubavuni mwa boti, ukiikuta imeandikwa 4, boti ni nne? Akasema hapana, hilo ni jina lake tu. Basi na kompyuta 4 yako imeiona ni jina. Mwambie ni hesabu. Akaweka int( ) kuzunguka ile input, ikatoka 60000, akapiga meza. Toka siku hiyo mtu akisahau int darasa zima linamwambia "umeandika ya boti".

Wasomi ndo wanasumbua zaidi, ntakwambia ukweli. Ile jumla = jumla + 1 mama aliielewa mara moja, unachukua kilichomo kwenye sado, unaongeza kimoja, unarudisha humo humo. Kijana mwenye hesabu nzuri ya form four alibisha nusu saa kwamba haiwezekani kitu kiwe sawa na chenyewe na kimoja zaidi, na kwa hesabu ya shule yuko sahihi. Siku hizi alama ya = naisoma "weka", sisomi "sawa na", na ubishi umeisha.

Lupu, yani kurudia maelekezo yale yale, naifundisha kwa konda. Wakati nafasi bado zipo, ita Buhongwa Buhongwa, ingiza mtu, punguza nafasi moja. Ukisahau kupunguza, konda anaita milele. Bodaboda mmoja akasema hiyo sio kosa, hiyo ndo daladala yenyewe.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la saa, maana sisi saa yetu na ya kwenye simu zimepishana masaa sita. Waambie waandike programu ya kugeuza. Saa 1 asubuhi ni 7, unajumlisha sita, wote wanapata haraka haraka wanajisifu. Afu mwambie ajaribu saa 8 mchana, inatoka 14, na simu yake inaonyesha 2. Hapo usiseme kitu. Waache. Kuna mtu atasema "ikizidi kumi na mbili tutoe kumi na mbili", na huyo amejifunza if, ile "kama" ya Python, kwa kuihitaji, sio kwa kuambiwa leo tunasoma if.

La mwisho ni la ratiba, na hili kwenye video za intaneti hutaambiwa. Mwanzoni mahudhurio yalinichanganya, wiki hii watu kumi na nane wiki mbili mbele watano, nikadhani wamenichoka. Mama ndo akanifungua macho. Dagaa wanavuliwa kwa taa, enzi zile karabai siku hizi za sola, kwahiyo kazi iko kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika na wote wanaotegemea ule mzigo wanapumzika. Mi nilikuwa napanga masomo kwa kalenda ya ukutani. Sasa naangalia mwezi, somo jipya naweka mbalamwezi, giza tunarudia ya nyuma na wachache waliopo wanaleta ya kwao.

Juzi mama kaja na daftari lake la madeni, limechakaa, kurasa zimenata magamba. Anataka programu ikumbuke wadaiwa wote, sio mmoja mmoja. Nikamwambia mama hapo tunaingia kwenye orodha, bado sijaifundisha. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki za giza, akafunga daftari, akasema "haya, mbalamwezi ijayo basi, na usije ukasafiri".