Maswali na Majibu: Nivike Boti Yangu ya Mbao Faiba?

SWALI: Nimenunua boti ya zamani ya mbao ya kuvuta watu wa skii, futi 17, injini iko katikati. Imekaa bandani Naivasha zaidi ya miaka 20, nami nimeileta Kisumu kwa trela. Ubavuni mbao ni nzuri, nyekundu, lakini chini ina nyufa ambazo sarafu inaingia. Haina nembo. Aliyeniuzia anasema ni ya 1930 na iliundwa kwa skii. Fundi mmoja huku ziwani anasema ataivika faiba chini yote, kazi ya siku nne, na haitavuja tena. Nimkubalie? Na nitajuaje iliundwa na nani? — Msomaji, Milimani, Kisumu.

JIBU: Usimkubalie. Mlipe nauli yake, umshukuru, uifunike boti kwa turubai mpaka umalize kusoma haya.

Swali la faiba haliishi. Boti ya mbao ikitolewa tu bandani na nyufa zake, kuna mtu amekwisha kusimama kando na ndoo ya resini, ile gundi ya kugandishia faiba. Hoja yake inavutia: mbao zinavuja, plastiki haivuji, basi mbao zivikwe plastiki. Asichokisema ni kwamba mbao hazitulii. Ubao ukinywa maji unatanuka kwa upana, ukikauka unasinyaa. Ubao wa mahogani wa sentimita 12 ukitoka kwenye ukavu wa banda na kulowa sawasawa majini hutanuka kwa karibu milimita 3. Chini ya boti yako kuna mbao kadhaa za namna hiyo, kila upande wa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini ya boti. Faiba haitanuki nazo. Kwa hiyo hupasuka palepale penye maungio, au hubanduka vipande vizima, maana resini ya kawaida ya poliesta haishiki mbao vizuri hata zikiwa kavu, seuze mbao zilizonyonya oili ya injini nusu karne.

Hata isipopasuka, maji yataingia kwa juu: mvua, mawimbi, wachezaji wa skii wanaopanda wakichuruzika. Yakifika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, mbao huyanywa, na upande wa nje yanakutana na ukuta wa plastiki. Hayana pa kutokea. Ukungu unaoozesha mbao huanza kazi unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, na hapo umeujengea chumba chake, chenye joto la Kisumu juu yake. Mbaya zaidi, huoni kitu. Rangi ya nje inang'aa, ndani ubao umekuwa keki.

Watu wa Pwani wanaweza kukuambia jahazi la baba yao lilikaa miaka mingi bila kuoza. Ni kweli, lakini lilikaa kwenye chumvi, na chumvi huzuia ukungu. Adui wao ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, ambao ziwani hawapo. Maji ya Victoria na ya Naivasha hayana chumvi. Huku adui ni kuoza, na dawa yake ni hewa na kukauka, si kufungiwa.

Sasa nyufa zako. Boti iliyokauka miaka 20 lazima iwe na nyufa. Isingekuwa nazo ningeshangaa. Si ugonjwa mpaka ithibitike. Wala usimruhusu mtu azijaze kitu kigumu: si puti ya magari, si epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, si lami. Mbao zikitanuka majini zikakuta nafasi yao imejazwa jiwe, zitasukumana zenyewe kwa zenyewe mpaka zing'oe skrubu au zivunje mataruma, yaani mbavu za boti. Na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia maungio, pia isigongwe humo. Fundi wa boti za uvuvi atataka kukalafati kwa sababu ndivyo boti zake zilivyoundwa, na kwa boti zake yuko sahihi. Boti nyingi za aina yako hazikuundwa hivyo: ubavuni kila ungio lina ufito nyuma yake, na chini mara nyingi kuna matabaka mawili ya mbao yenye kitambaa kilicholowa risasi nyeupe, ile rangi nzito ya madini ya risasi, katikati. Ukigonga pamba humo unausukuma ubao utoke kwenye ufito wake.

Kabla ya kulowesha chochote, pima umbo. Tafuta bomba la mraba la alumini lililonyooka, mita 2, uliegemeze chini ya tumbo la boti sehemu ya nyuma, sambamba na mkuku. Linatakiwa liguse mwanzo hadi mwisho. Likiacha mwanya katikati, tumbo limebonyea na boti itazika pua yake majini kila ukiongeza kasi. Likigusa katikati tu na kuacha mwanya kwenye ncha, boti itaruka-ruka kama pomboo, na hakuna mtu atakayesimama kwenye skii nyuma yake. Kosa la milimita 5 linatosha kuharibu mwendo. Trela ndiyo chanzo cha kawaida: boti hukaa miaka juu ya vigogo viwili tu, uzito wa injini ukaipinda. Weka egemeo kwenye mkuku wote na chini ya ubao wa nyuma, uinyanyue kwa jeki milimita chache kwa siku. Hili litangulie, kwa sababu ukikaza skrubu mpya kwenye tumbo lililopinda, umeupigilia ule upindo udumu.

Kisha skrubu. Toa kumi, usichague zilizo rahisi: mbili karibu na hanamu (mbao ya mbele kabisa inayokata maji), nne kwenye ubao wa kwanza kando ya mkuku, mbili kwenye kona ambapo ubavu unakutana na tumbo, mbili kwenye ubao wa nyuma. Zimefichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao, kwa hiyo toboa kizibo katikati kwa keekee na ukibandue kwa patasi nyembamba. Kama kichwa kina msalaba wenye ncha kali, hiyo ni Frearson. Bisibisi ya nyota ya kawaida, Phillips, itaula. Zikwangue. Skrubu ya brasi iliyokwisha huwa ya waridi, kwa kuwa zinki imetoka ikabaki shaba tupu yenye vitundu, na hukatika ukiipinda kwa koleo. Tatu kati ya kumi zikiwa hivyo, tumbo lote linahitaji skrubu mpya, tena za bronzi ya silikoni. Kama zilizomo ni namba 8, weka namba 10, nene zaidi, ili zishike mbao mpya kwenye tundu la zamani.

Hapa ndipo watu wanaibiwa. Skrubu za njano zinazouzwa hadwea kama brasi nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya zinki. Nenda na sumaku. Ikishika, rudisha. Chuma cha pua nacho kina hila yake: kikifunikwa ndani ya mbao mbichi zisizopata hewa, hulika kwenye shingo bila kuonyesha dalili. Juu ya maji kitumie. Chini ya maji, agiza bronzi hata kama itakuchelewesha miezi miwili.

Kuoza kunatafutwa kwa msharasi (chuma chenye ncha cha fundi viatu) na mpini wa bisibisi. Gonga ukisikiliza: mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Choma msharasi kwenye pembe za chini za ubao wa nyuma, mguu wa hanamu, na kila taruma linapokutana na mkuku, hasa palipo na uchafu ulioziba vitundu vya kupitisha maji. Ukizama zaidi ya milimita 3 bila nguvu, kata mpaka ufike mbao nzima, kisha endelea sentimita 10 zaidi.

Mbao ya kuunganishia iwe mkangazi, ambao ni jamaa wa karibu wa mahogani kwa uzito na kucheza kwake. Mvule unadumu kuliko zote, lakini ni mzito, una mafuta yanayokataa gundi mpaka uufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugandisha, na ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vitakavyong'oa meno ya msumeno. Kwa mkuku unafaa. Kwa ubavu wa boti ya skii, hapana. Mkaratusi usiulete hata karibu, utapinda na kupasuka kabla hujapaka rangi. Ubao uwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Huna kipimo? Kata kipande, kipime, kianike kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike tena, toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. "Umekauka, mzee, gusa uone" si kipimo.

Umbo likiwa sawa, skrubu nzima na mbao hazijaoza, ndipo uloweshe. Usiijaze boti maji kwa mpira. Lita 1,000 ni tani nzima, na trela na mataruma havikuundwa kubeba hiyo. Tandika magunia ya katani ndani, yaloweshe asubuhi na jioni, na umwagie tumbo kwa nje, siku 7 hadi 10. Kisha ishushe majini ikiwa bado kwenye trela, pampu ikiwa ndani, usiku mmoja kwa kuanzia. Itavuja sana, halafu kidogo, halafu tone. Ikiendelea kuvuja kwa kasi ileile baada ya siku 3 majini, kitambaa cha katikati kimekwisha, na tumbo linafumuliwa tabaka kwa tabaka. Wakarabati wa Marekani hulirudisha kwa gundi laini ya poliyurethani, 3M 5200, kati ya matabaka badala ya kitambaa. Hiyo hunyumbuka na mbao. Ni ghali na hutumika nyingi, lakini ni kazi ya mara moja. Gundi ya vioo vya magari haikukusudiwa kuishi chini ya maji, hata kama muuzaji atakuapia. Na ukifumua, kumbuka ile risasi nyeupe ni sumu, na huenda rangi za zamani zina risasi pia: piga msasa ukiwa umelowesha, vaa barakoa ya chujio, watoto wakae mbali, na usichome rangi kwa moto.

Kwa haki: faiba si haramu kila mahali. Kama ungekuwa na boti ya plaiwudi, ambayo haitanuki kama mbao, kitambaa chepesi cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa epoksi na si poliesta, juu ya plaiwudi kavu iliyokwanguliwa mpaka mbao, ni kazi nzuri. Kabla ya kununua plaiwudi mpya, chemsha kipande saa 6. Kikiachana matabaka, si ya majini, hata kama muhuri unasema BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini.

Kuhusu aliyeiunda. Mwaka 1930 una shaka. Skii zenyewe zilijaribiwa mara ya kwanza na Ralph Samuelson kwenye Lake Pepin, Minnesota, mwaka 1922, na boti zilizoundwa mahususi kwa mchezo huo zilienea baada ya Vita vya Pili. Inawezekana ni boti ya kawaida ya mwendo iliyoongezewa nguzo ya kufungia kamba ya skii baadaye: chungulia kama nguzo imekazwa kwenye mihimili ya injini au kwenye sakafu tu. Ikiwa sakafuni, ondoa, itang'oka na mtu. Halafu jaribu spana kwenye bolti za injini. Za milimita zisipokaa, jaribu za inchi za Kimarekani. Zisipokaa nazo, huenda ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, na muundaji umtafute Uingereza. Namba ya boti hugongwa kwenye mbao, hivyo mulika tochi kwa ubavu ndani ya ubao wa nyuma, juu ya mihimili ya injini na chini ya sitaha ya mbele, kabla hujapiga msasa mahali hapo. Ukipata namba ya Chris-Craft, waundaji wa boti wa Marekani, kadi za boti zao zimehifadhiwa Mariners' Museum, Newport News, Virginia, na kadi huonyesha injini iliyotoka nayo. Waulize pia wazee wa vilabu vya mashua vya Naivasha na Kisumu, na uende na picha.

Vanishi ni jambo la mwisho, ingawa ndilo kila mtu anaanza nalo. Koti la kwanza lipunguzwe nusu kwa nusu, kisha makoti 8 ya vanishi ya majini yenye kinga ya jua. Ile ya kabati na makochi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Vizibo vya skrubu vishikishwe kwa vanishi, si epoksi, ili atakayekuja baada yako aweze kuvitoa.

Na wale wa oili chafu, ya kumwagwa ngamani "ili mbao zisioze": inazuia gundi na rangi kushika milele, inaingia ziwani, na haizuii kuoza. Ndugu zao ni wale watakaokushauri ufunge starta, alteneta na kabureta za matatu kwa kuwa injini ni ileile ya gari. Injini inaweza kuwa ileile, lakini vifaa hivyo si vilevile. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia ngamani. Barabarani upepo unaupeleka, kwenye boti unakaa. Starta ya gari hutoa cheche wazi, ya majini imezibwa. Kabureta ya majini ina kizuia moto juu yake na haimwagi petroli nje ikifurika. Weka feni ya kunyonya hewa ya ngamani, iwashe dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na kabla ya hapo fungua kifuniko cha injini, uiname unuse. Ukisikia petroli hata kidogo, usiguse swichi yoyote, ya feni ikiwemo; shusha watu wote kwanza.